Mchakato Mzazi na Watoto Wake: Historia ya Usimamizi wa Michakato katika Kompyuta

Kila programu inayoendeshwa kwenye kompyuta hupewa mchakato wake: eneo la kumbukumbu, orodha ya faili ilizofungua, na namba ya utambulisho katika jedwali la mfumo. Mchakato mmoja unaweza kuzaa mwingine. Uliozaa huitwa mzazi na uliozaliwa huitwa mtoto. Seva ya tovuti huzaa watoto wa kuwahudumia wageni, kivinjari huzaa watoto wa kufungua kurasa, na baadhi ya hifadhidata huzaa mtoto kwa kila anayeunganishwa nazo. Kuzaa ni jambo jepesi. Lililo zito ni kujua kama mtoto bado yu hai, amekufa kwa sababu gani, nani amfute jedwalini, na kama inafaa kuanzisha mwingine mahali pake. Njia ya kuzaa ilipatikana katika siku chache. Njia za kulea zimetafutwa kwa zaidi ya nusu karne, na karibu kila moja ilitokana na kasoro ya ile iliyoitangulia.

Kutoka Berkeley hadi Murray Hill

Mwaka 1963 Melvin Conway alichapisha makala kuhusu usanifu wa kompyuta zenye vichakataji vingi. Humo alieleza maagizo mawili yanayokwenda pamoja: fork, la kuugawa mwendo wa programu katika matawi mawili, na join, la kuyakutanisha tena matawi hayo kazi inapokwisha. Katika mpango wake, kila penye kugawanyika palikuwa na mahali pa kukutania.

Wazo la fork lilitumika katika mradi wa Genie wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako katikati ya miaka ya 1960 kompyuta ya SDS 940 iliwezeshwa kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Ken Thompson alisoma Berkeley katika miaka hiyo, akapata shahada ya uzamili mwaka 1966, kisha akaajiriwa na Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey. Mwaka 1969 Bell Labs ilijitoa katika mradi mkubwa wa Multics, naye Thompson akaanza kuandika mfumo wake mdogo kwenye kompyuta ya PDP-7 ambayo haikuwa na kazi nyingi. Mfumo huo ndio ulioitwa Unix. Mwenzake, Dennis Ritchie, ndiye aliyeandika baadaye kwa kirefu jinsi ulivyokua.

Mwanzoni Unix haikuwa na wazazi wala watoto. Kila terminali ilikuwa na mchakato mmoja tu. Mtumiaji alipoandika amri, sheli, yaani programu inayosoma amri, iliipakia programu iliyoombwa mahali pake yenyewe, nayo ikatoweka kwenye kumbukumbu. Programu hiyo ilipomaliza kazi, sheli ilipakiwa upya. Hapakuwa na wa kumngoja mwenzake, kwa kuwa katika terminali moja hawakuwahi kuwapo wawili.

Udhibiti wa michakato kama unavyojulikana leo ulibuniwa na kuandikwa katika siku mbili tatu. Mfumo tayari uliweza kuuhamishia mchakato kwenye diski na kuurudisha. Kwa hiyo fork ilihitaji mambo mawili: kulipanua jedwali la michakato, na kuandika nakala ya mchakato uliopo kwenye diski kwa kutumia uwezo huohuo wa kuhamisha. Kwa hesabu ya Ritchie, kazi hiyo ilichukua mistari 27 ya lugha ya asembli kwenye PDP-7. Tangu hapo sheli haikulazimika kutoweka. Ilizaa nakala yake, nakala ikageuka kuwa programu iliyoombwa, na sheli yenyewe ikabaki ikimngoja mtoto.

Furaha ya ushindi huo ilikatizwa mapema. Amri ya kubadili saraka, chdir, iliacha kufanya kazi. Sasa ilikuwa ikiendeshwa ndani ya mtoto: mtoto alihamia saraka mpya, akafa, na mzazi akabaki palepale alipokuwa. Ilibidi sheli iiendeshe amri hiyo yenyewe bila kuzaa. Kasoro hiyo ilidhihirisha kanuni ambayo haijabadilika: mtoto hurithi hali ya mzazi, lakini mabadiliko anayoyafanya katika hali yake mwenyewe hufa naye.

Namna ya kungoja nayo ilipatikana kwa kuzunguka. Unix ya PDP-7 haikuwa na wito wa kungoja, yaani ombi la kungoja ambalo programu hulipeleka kwa kiini cha mfumo; ilikuwa na wito wa kutuma ujumbe na wa kupokea ujumbe kati ya michakato. Sheli ilimtumia mtoto ujumbe, ikazuiliwa hapo mpaka mtoto aupokee. Kwa kawaida mtoto hakupokea kitu. Alifanya kazi yake akafa, na kiini cha mfumo kikairudishia sheli kosa kwamba mpokeaji hayupo. Sheli iliposoma kosa hilo ilijua kwamba kazi imekwisha. Mbinu hiyo ilifaa mpaka alipotokea mtoto anayepokea ujumbe kweli: huyo aliuchukua ujumbe wa sheli, na sheli ikadhani amekwisha kufa. Hatimaye ujumbe uliondolewa, na mahali pake ukawekwa wito mmoja wenye kazi moja: wait.

Mchakato mmoja ulikuwa na namna yake. Wenye namba 1, ulioitwa init, ulizaa sheli kwa kila terminali kisha ukakaa kupokea ujumbe. Mtumiaji alipoondoka, sheli yake iliutumia init taarifa kwamba inakufa, nao init ukazaa sheli nyingine kwa terminali ileile. Huyo ndiye msimamizi wa kwanza wa Unix: hakuwa na kazi nyingine ila kuzaa, kusikia habari ya kifo, na kuzaa tena.

Kungoja, zombi na yatima

Mwongozo wa kwanza wa Unix, wenye tarehe 3 Novemba 1971, tayari unaeleza miito minne ambayo bado ndiyo msingi: fork ya kuzaa, exec ya kugeuka kuwa programu nyingine, exit ya kufa, na wait ya kungoja. Kati ya exit na wait pana pengo, na hapo ndipo matatizo mengi ya baadaye yalipoanzia. Mtoto anaweza kufa kabla mzazi hajauliza habari zake. Kiini kikimfuta papo hapo, mzazi hatajua kama kazi ilifaulu au ilishindwa. Kwa hiyo kiini huachilia kumbukumbu na faili za marehemu, lakini huacha nafasi yake katika jedwali, ikiwa na namba yake na sababu ya kifo, mpaka mzazi aite wait.

Mchakato ulio katika hali hiyo huitwa zombi. Ni sawa na marehemu ambaye jina lake limebaki katika daftari la kijiji kwa sababu hakuna ndugu aliyekwenda kutoa taarifa. Haufanyi kazi wala hauli kumbukumbu, na hauwezi kuuawa kwa kuwa umekwisha kufa. Unachokalia ni nafasi, na nafasi zilikuwa chache. Katika toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, jedwali zima lilikuwa na nafasi 50 kwa mashine nzima. Mzazi mmoja mzembe aliyezaa bila kungoja aliweza kulijaza, na hapo hakuna aliyeweza kuanzisha amri yoyote.

Kulikuwa pia na hali ya kinyume: mzazi kufa kabla ya mtoto. Unix ilimkabidhi kila yatima kwa mchakato namba 1. Init uliita wait bila kukoma, na kila alipokufa yatima ambaye haukumzaa, uliisoma sababu ya kifo na kuitupa. Jedwali lilibaki safi, lakini habari ilipotea: init haukujua yatima huyo alikuwa na kazi gani wala nani angejali kufa kwake. Mpango huo wa mirathi ulikuja kuwa tatizo kubwa miaka ya baadaye, pale programu zilipoanza kujifanya yatima kwa makusudi.

Wait yenyewe ilikuwa na upungufu mkubwa mmoja. Ilimzuia mzazi asifanye lolote mpaka mmoja wa watoto wake afe, na haikumruhusu kuchagua mtoto yupi. Kwa sheli ya mwaka 1971, iliyongoja amri moja kwa wakati, hilo lilitosha. Kwa programu yenye kazi zake na watoto wengi, halikutosha.

Habari ya kifo yatumwa kwa ishara

Msukumo wa kurekebisha hilo ulitokana na watumiaji waliotaka kuendesha kazi kadhaa katika terminali moja, kusimamisha moja na kuendelea na nyingine. Jim Kulp, aliyekuwa katika taasisi ya utafiti ya IIASA huko Laxenburg, Austria, alianzisha mbinu hiyo, na Bill Joy wa Berkeley akaiingiza katika sheli yake iitwayo csh. Mfumo wa 4BSD, uliotolewa na Berkeley mwaka 1980, uliwaletea wengi matokeo yake. Michakato iliwekwa katika makundi, ili kazi yenye michakato kadhaa iweze kusimamishwa, kuendelezwa au kuuawa kwa pamoja. Kiini kilianza kumpelekea mzazi ishara ya SIGCHLD kila hali ya mtoto inapobadilika. Wito mpya wa wait3 nao ulimruhusu mzazi kuuliza bila kuzuiliwa: kama hakuna aliyekufa, jibu linarudi mara moja naye anaendelea na shughuli zake.

Ishara hiyo ilileta mtego ambao umewanasa watengenezaji wa programu kwa vizazi vyote. Ishara za aina moja hazipangwi foleni. Watoto watatu wakifa kwa mfululizo kabla mzazi hajapata nafasi ya kushughulikia ishara ya kwanza, huenda akapata ishara moja tu. Mzazi anayeita wait mara moja kwa kila ishara atabaki na zombi wawili. Njia sahihi ni kuichukulia ishara kama taarifa kwamba angalau mtoto mmoja amebadilika, kisha kuita wait kwa kurudia mpaka ijibu kwamba hakuna tena.

Wakati huohuo AT&T, kampuni mama ya Bell Labs, ilikuwa na ishara yake katika tawi lake la Unix, SIGCLD, yenye tabia tofauti. Huko mzazi aliyetangaza kwamba anaipuuza ishara alisamehewa kungoja: watoto wake walifutwa mara walipokufa, bila kuwa zombi. Programu iliyoandikwa kwa tawi moja iliweza kuharibika katika lingine. Kiwango cha POSIX cha mwaka 1988 kilianza kuyaleta matawi pamoja na kuleta waitpid, wito unaomwezesha mzazi kumngoja mtoto fulani kwa namba yake, kwa kuzuiliwa au bila kuzuiliwa. Tabia ya kupuuza ishara ilikubaliwa rasmi katika toleo la POSIX la mwaka 2001.

Seva zenye watoto wengi

Mtandao ulipoenea, mzazi na watoto wakawa umbo la kawaida la seva. Mfumo wa 4.3BSD wa mwaka 1986 ulikuja na inetd, mzazi mmoja aliyesikiliza milango ya huduma nyingi na kuzaa mtoto wa huduma husika pale tu mteja alipobisha. Kwa kompyuta zenye kumbukumbu ndogo, haikufaa kila huduma ikae tayari mchana kutwa ikisubiri mteja asiyekuja.

Tovuti zilihitaji kasi zaidi. Kuzaa mtoto kwa kila ombi kulichelewesha majibu, kwa hiyo usanifu wa Robert Thau, ulioingia katika seva ya Apache mwaka 1995, uliwazaa watoto mapema na kuwaweka tayari. Mzazi wa Apache hahudumii mgeni yeyote. Hutazama ubao wa kumbukumbu ya pamoja ambamo kila mtoto huandika kama yuko kazini au hana kazi. Wakipungua walio huru huzaa wengine, wakizidi huwapunguza. Kuna pia mpangilio wa kumfanya mtoto astaafu baada ya kuhudumia idadi fulani ya maombi. Msingi wake ni ukweli usiofurahisha wa utengenezaji wa programu: kumbukumbu huvuja kidogokidogo katika msimbo ambao hakuna aliyeukagua wote, na mtoto anayekufa huirudisha yote kwa mfumo.

Hifadhidata ya PostgreSQL, iliyotokana pia na utafiti wa Berkeley, ilichagua ukali wa aina nyingine. Mzazi wake huzaa mtoto kwa kila muunganisho, na watoto wote hutumia eneo moja la kumbukumbu. Mmoja akifa ghafla kwa hitilafu, mzazi hana hakika kama alilichafua eneo hilo kabla ya kufa. Kwa hiyo huwaamuru watoto wengine wote waache kazi, hulianzisha eneo upya, na kuirejesha data kutoka kwenye daftari la mabadiliko lililo kwenye diski. Kifo cha mmoja huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa unaoweza kuwa umewapata wote.

Mti wa wasimamizi wa Ericsson

Fikra hiyo, kwamba kifo ni habari ya kutumiwa wala si aibu ya kufichwa, ilifikishwa mbali zaidi nje ya ulimwengu wa Unix. Katika maabara ya sayansi ya kompyuta ya Ericsson nchini Sweden, Joe Armstrong alianza mwaka 1986 kazi iliyozaa lugha ya Erlang, akisaidiana na Robert Virding na Mike Williams. Shabaha yao ilikuwa mitambo ya kuunganisha simu, ambayo haiwezi kuzimwa ili irekebishwe. Michakato ya Erlang si ya mfumo wa uendeshaji. Ni myepesi sana, huishi ndani ya programu moja, na programu moja inaweza kuwa nayo maelfu kwa maelfu.

Katika Erlang michakato miwili inaweza kufungwa kwa kiungo. Mmoja ukifa kwa hitilafu, mwingine hupata ishara yenye sababu ya kifo. Usipojiandaa kuipokea, nao hufa. Juu ya msingi huo ilijengwa maktaba ya OTP, iliyotolewa mwaka 1996, ambamo msimamizi ni aina maalumu ya mchakato isiyofanya kazi yoyote ya biashara. Msimamizi hupewa orodha ya watoto na kanuni ya kufuata. Kwa kanuni ya kwanza, anayekufa huanzishwa upya peke yake. Kwa ya pili, mmoja akifa wote huuawa na kuanzishwa upya, kwa kuwa kazi zao zinategemeana. Kwa ya tatu, huanzishwa upya aliyekufa na wale waliozaliwa baada yake.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa kikomo. Kila msimamizi huwekewa idadi ya vifo anavyoweza kuvivumilia katika muda fulani. Vikizidi, haendelei kufufua. Huwaua watoto wake wote, naye hufa na kumwachia shauri msimamizi wa ngazi ya juu yake. Hivyo hitilafu ndogo humalizwa chini, na ile isiyotibika kwa kuanzisha upya hupanda mti mpaka ifike penye uwezo wa kuanzisha upya sehemu kubwa zaidi. Mtambo wa AXD301, uliotolewa na Ericsson mwaka 1998 ukiwa na zaidi ya mistari milioni moja ya Erlang, ulijengwa kwa mtindo huo. Mwaka huohuo lugha ilifunguliwa kwa umma, na mwaka 2003 Armstrong akaueleza mtindo wenyewe katika tasnifu yake ya udaktari huko Stockholm.

Watoto wanaotoroka

Katika Unix, hali ilikuwa imekwenda upande mwingine. Huduma za kudumu, kama barua pepe na uchapaji, zilitakiwa ziendelee hata aliyezianzisha akiondoka kwenye terminali. Desturi iliyoenea ilikuwa kuzaa mara mbili: programu huzaa mtoto, mtoto huzaa mjukuu, kisha mtoto hufa kwa makusudi ili mjukuu awe yatima wa init. Huduma iliachana na terminali, lakini pia iliachana na kila mtu aliyeijua. Init haukujua huyo ni nani. Ili mhudumu wa mfumo aweze kuipata tena, huduma iliandika namba yake katika faili.

Faili hiyo haikuwa ya kuaminika. Huduma ilipokufa ghafla, faili ilibaki na namba ya marehemu, na namba za michakato hurudiwa. Linux, mfumo wa aina ya Unix, kwa kawaida ilizungusha namba chini ya 32768. Hati ya kuzima huduma iliisoma namba ya zamani, ikapeleka ishara ya kifo, na ikaua mchakato mwingine kabisa uliokuwa umerithi namba hiyo.

Init wa System V, tawi la Unix la AT&T ulikuwa na dawa ya sehemu. Katika faili yake ya inittab, mstari wenye neno respawn uliamuru programu ianzishwe tena kila inapokufa, mradi ibaki mtoto wa init bila kutoroka. Kwenye Linux, sysvinit wa Miquel van Smoorenburg ulikuwa na kikomo pia: programu iliyokufa na kuanzishwa kwa kasi mno ilisimamishwa kwa dakika 5. Hata hivyo huduma nyingi hazikuwekwa humo. Zilianzishwa na hati wakati wa kuwasha mashine, kisha zikatoroka.

Daniel J. Bernstein, profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago na mwandishi wa programu ya barua pepe ya qmail, aliugeuza utaratibu huo katika mkusanyiko wake wa daemontools mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwake huduma haitakiwi kutoroka. Inaendeshwa na mzazi mdogo aitwaye supervise, naye hukaa akiingoja. Ikifa huianzisha upya, akihakikisha kwamba haianzishwi zaidi ya mara moja kwa sekunde. Faili ya namba haihitajiki, kwa kuwa mzazi anamjua mtoto wake, na namba ya mtoto haiwezi kupewa mwingine kabla mzazi hajaita wait. Zombi, aliyeonekana kuwa kero tangu 1975, alikuwa pia ndiye dhamana ya utambulisho. Runit ya Gerrit Pape, s6 ya Laurent Bercot na Supervisor ya Chris McDonough zilifuata njia hiyohiyo.

Kumfuatilia mjukuu

Mtindo wa daemontools ulikuwa na sharti moja: huduma ikubali kutotoroka. Katika muongo uliofuata, watengenezaji wa mifumo walitafuta namna ya kumfuatilia hata anayekataa. Mwaka 2005 Sun Microsystems ilitoa Solaris 10 yenye SMF, iliyoweka huduma na vizazi vyake chini ya mkataba mmoja unaotambuliwa na kiini. Mwaka huohuo Apple ilitoa launchd ndani ya Mac OS X 10.4. Mwaka 2006 Scott James Remnant aliandika Upstart kwa ajili ya Ubuntu. Ili kuwafuata wajukuu, Upstart iliazima chombo cha kutafutia hitilafu, ptrace, na kuhesabu mara ambazo huduma imezaa. Msimamizi aliyeambiwa atarajie kuzaa mara mbili, huduma ikazaa mara moja, alibaki akimngoja asiyekuwapo.

Chombo kilichomaliza suala hilo kwenye Linux kilitengenezwa kwa shabaha nyingine. Wahandisi wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, walianza mwaka 2006 kazi ya kugawa rasilimali za mashine kwa makundi ya michakato. Kazi hiyo iliingia katika Linux 2.6.24 ya Januari 2008 kwa jina la cgroups. Kila mtoto huzaliwa ndani ya kundi la mzazi wake, na kuzaa mara mbili hakumtoi. Lennart Poettering na Kay Sievers waliutumia uwezo huo katika systemd, iliyotangazwa Aprili 2010. Kila huduma huwekwa katika kundi lake. Ikitakiwa kuzimwa, kundi zima huzimwa, pamoja na wajukuu na vitukuu. Fedora 15 iliipokea mwaka 2011, Debian 8 na Ubuntu 15.04 mwaka 2015, baada ya mabishano makali kuhusu kuukabidhi mchakato namba 1 majukumu mengi kiasi hicho.

Systemd iliongeza pia swali ambalo wait haikuwahi kuliuliza: je, mtoto aliye hai anafanya kazi? Mchakato unaweza kukwama bila kufa. Huduma inayokubali mpango huu hutuma taarifa kwa vipindi vilivyopangwa. Ikinyamaza kupita kipindi chake, huhesabiwa kuwa imeshindwa, huuawa, na ikiwa imepangwa hivyo huanzishwa upya.

Kontena na mchakato namba 1

Linux 2.6.24 ilileta jambo lingine: michakato iliyotengwa iweze kuwa na hesabu yake ya namba, ikianzia 1. Docker, iliyotangazwa Machi 2013, ilitumia uwezo huo na cgroups kuifungasha programu katika kontena. Matokeo yake, programu ya kawaida, kama seva ya tovuti, ilijikuta ikiwa namba 1 ndani ya kontena na kurithi mayatima wote waliomo, bila kuwa imeandikwa kuwangoja. Zombi walijikusanya tena, miaka arobaini baada ya jedwali la nafasi 50. Dawa ilikuwa kumrudisha init mdogo: Tini ya Thomas Orozco huanzisha programu moja, huipelekea ishara zinazokuja, na huwangoja mayatima. Docker iliiingiza katika toleo 1.13 la mwaka 2017.

Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, ilipandisha usimamizi huo kutoka mashine moja hadi kundi la mashine. Ikipangwa hivyo hulichunguza kontena kwa maswali ya vipindi, na linalokufa mfululizo huanzishwa upya kwa kuchelewesha: sekunde 10, kisha 20, kisha 40, hadi kikomo cha dakika 5. Lengo la kuchelewesha ni lilelile la kikomo cha Erlang, yaani kuzuia mchakato usiopona usile nguvu za mashine kwa kufa na kufufuka.

Watumiaji wa kawaida nao wanaishi na mpango huu. Kivinjari cha Chrome, kilichotolewa mwaka 2008, huzigawa kurasa katika michakato ili moja ikivunjika isiangushe kivinjari kizima. Kwenye Android, mfumo wa simu nyingi zinazotumika Afrika Mashariki, mchakato uitwao Zygote hupakia mapema maktaba zinazohitajika na wote, kisha huzaa mtoto kwa kila programu inayofunguliwa. Kumbukumbu ikipungua, mfumo huwaua watoto ambao mtumiaji hawaoni kwenye skrini.

Kutoka namba hadi kishikio

Windows NT, iliyotoka mwaka 1993 chini ya usanifu wa Dave Cutler, haikuwahi kuwa na fork kwa programu zake za kawaida wala zombi wa aina ya Unix. Anayeanzisha mchakato hupewa kishikio, na maadamu kishikio hakijafungwa, habari za mchakato hubaki na namba yake haipewi mwingine. Windows 2000 iliongeza namna ya kuikusanya michakato katika kazi moja inayoweza kuuawa kwa pamoja.

Unix ilifika huko kwa kuchelewa. FreeBSD 9.0 ya mwaka 2012 ilipata pdfork, inayomrudishia mzazi kishikio badala ya namba tupu. Kwenye Linux, Christian Brauner aliongoza kazi iliyoleta pidfd, kishikio cha mchakato kinachotendewa kama faili. Katika mwaka 2019 peke yake, Linux 5.1 iliruhusu kupeleka ishara kwa kishikio, 5.3 kukifungua kwa mchakato uliopo, na 5.4 kumngoja mtoto kupitia hicho. Mzazi anaweza kukiweka kishikio pamoja na miunganisho yake ya mtandao na kuvitazama vyote kwa wito mmoja, bila kutegemea SIGCHLD na mtego wake. Lugha ya Python iliongeza mwangalizi wa watoto wa namna hiyo katika toleo 3.9 la mwaka 2020, na lugha ya Go ikaanza kuitumia pidfd katika toleo 1.23 la mwaka 2024.

Mwaka huohuo wa 2019 Andrew Baumann, Jonathan Appavoo, Orran Krieger na Timothy Roscoe waliishambulia fork yenyewe katika makala ya kitaalamu. Walisema kwamba kilichofaa kwenye PDP-7 kimekuwa mzigo: kunakili mchakato mzima ili nakala itupwe mara moja na exec ni kazi ya bure, na fork haipatani na programu zenye nyuzi nyingi za utekelezaji. Walipendekeza miito inayoanzisha programu mpya moja kwa moja, kama posix_spawn iliyokuwamo katika POSIX tangu mwisho wa miaka ya 1990.

Mtengenezaji wa programu wa leo mara nyingi haiti fork wala wait kwa mkono wake. Maktaba za lugha humfanyia, na systemd au Kubernetes huisimamia programu yake kutoka nje. Wajibu wa mzazi, hata hivyo, haujaondolewa. Pidfd humwarifu kwamba mtoto amekufa, lakini haimfuti mtoto huyo. Jina lake hutoka katika jedwali pale mzazi anapoita wait, anapokuwa ametangaza mapema kwamba anaipuuza ishara, au anapokufa na kumwachia kazi hiyo mchakato mwingine.